Kuchagua OAG ukiwa Kigoma au Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye tayari ana darubini na maunti ya ikweta (stendi yenye injini inayofuata mzunguko wa anga), anapiga picha za anga kutoka huku magharibi mwa Tanzania, na ameshaambiwa kwamba dawa ya nyota zinazotoka zimevutika ni OAG (off-axis guider, kifaa cha kuiongozea maunti). Huenda ni kweli. Huenda pia anajiandaa kununua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, ndiyo maana maswali ya mwanzo yanahusu kama unaihitaji kabla ya kufika kwenye ipi ununue.

OAG ni kitu gani hasa?

Maunti hata iwe ya bei gani haifuati anga bila kuyumba. Gia zina kasoro zake, na kwa lenzi ndefu kasoro hizo zinaonekana kwenye picha ya dakika tatu. Kwa hiyo tunaweka kamera ya pili inayoitazama nyota moja au kadhaa, na programu kama PHD2, ambayo ni ya bure, inairekebisha maunti kila baada ya sekunde chache.

Wengi huifunga kamera hiyo kwenye darubini ndogo iliyopandishwa juu ya kubwa. OAG haina darubini ya pili. Ni bangili ya chuma inayokaa kati ya darubini na kamera kuu, ndani yake kuna prizimu ndogo inayochungulia ukingoni mwa mwanga na kuugeuza digrii 90 kwenda kwenye kamera ya kuongoza. Kamera zote mbili zinatazama kupitia lenzi ileile au kioo kilekile. Kioo kikisogea, bomba likipinda, fokasa (kifaa cha kurekebishia fokasi) ikilegea, kamera ya kuongoza inaliona jambo hilo na programu inalisahihisha. Darubini ndogo ya juu haiwezi kuona hayo hata siku moja.

Nitajuaje kama ninaihitaji?

Fungua picha ya kwanza na ya mwisho za usiku mmoja, uziweke juu ya nyingine bila kuzipanga. Kama grafu ya PHD2 ilikuwa tulivu usiku kucha lakini galaksi yako imehama polepole kuelekea upande mmoja, hapo kuna kitu kinapinda kati ya darubini mbili. OAG itamaliza tatizo. Kama grafu yenyewe ilikuwa inaruka ruka, OAG haitakusaidia chochote: tazama uzito ulivyosawazishwa, gia, nyaya zinazoning'inia, na upepo wa kusi unaovuma kiangazi ukitikisa bomba.

Kwa makadirio: chini ya milimita 500 za urefu wa fokasi, baki na darubini ndogo ya kuongoza na pesa zako. Kati ya 500 na 1,000 inategemea vifungo vyako vilivyo imara. Kuvuka 1,000, na hasa kwa Schmidt-Cassegrain ambayo kioo chake kikubwa hutelezeshwa mbele na nyuma kutafuta fokasi na hivyo hakikai kimya kabisa, nunua OAG wala usisitesite.

Huku kwetu karibu na ikweta kuna tofauti gani na maelezo ya kwenye video za Ulaya na Marekani?

Kubwa. Kigoma na Tabora zote ziko karibu digrii 5 kusini mwa ikweta. Maana yake ncha ya kusi ya anga iko digrii 5 tu juu ya upeo wa macho, na Polaris, nyota ya kaskazini ambayo wenzetu wanaitumia kupanga maunti, yaani kuelekeza mhimili wake kwenye ncha ya anga, haichomozi kamwe. Sigma Octantis, iliyo karibu na ncha ya kusi, ina mng'ao wa daraja la 5.4, yaani ni hafifu, na ukiitafuta chini kiasi hicho, kupitia vumbi na moshi, hutaiona. Kile kidarubini cha kupangia kilichomo ndani ya maunti huku ni pambo.

Zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni ya zamani, ya kutazama nyota inavyoteleza. Kurekebisha mhimili wa maunti kwenda mashariki au magharibi, chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga inapopita katikati, ambayo kwetu iko karibu utosini. Kurekebisha kimo cha mhimili huo, chagua nyota ya mashariki au magharibi iliyopanda vya kutosha kuepuka ukungu wa chini. Kigoma mjini milima inaziba mashariki, kwa hiyo utaelekea ziwani. Tabora ni tambarare, chagua upande unaoupenda. Njia ya pili ni kuiachia kompyuta: NINA, programu ya kuendesha kamera na maunti, ina nyongeza ya kupanga ncha kwa kupiga picha sehemu tatu za anga na kukokotoa kosa, bila kuiona ncha yenyewe. Programu zinazolazimisha darubini itazame jirani na ncha hazitufai.

Hili linahusianaje na OAG? Maunti iliyopangwa vibaya huizungusha picha nzima kuizunguka nyota ya kuongozea. Ukiwa na OAG nyota hiyo iko pembeni, nje ya picha, kwa hiyo kona ya upande wa pili ndiyo inayoumia zaidi, na unapopiga vitu vya kusini sana kama Mawingu ya Magellan kosa hukua. Ukiona nyota za kona moja ni duara na za kona nyingine ni vijistari, usiilaumu prizimu. Rudi ukapange maunti.

Jambo jingine la hapa: kabla ya kununua maunti, soma latitudo ya chini inayokubali. Nyingi zimetengenezwa kwa watu wa digrii 30 hadi 60. Kwa digrii 5 mhimili wake unakaribia kulala, na fimbo ya uzito inaweza kugonga mguu wa stendi. EQ6-R ya Sky-Watcher inashuka hadi digrii 5, kwa hiyo iko ukingoni mwa kipimo chake. OAG huongeza urefu wa mkia wa darubini, na vitu vyetu vingi vizuri vinapita juu kabisa (eneo la Kausi, au Sagittarius, hupanda hadi kama digrii 66), mahali ambapo mkia unaelekea chini kwenye miguu. Zungusha darubini kwa mkono kila upande kabla giza halijaingia, uone kama kamera inapita.

Naona OAG nyingi zinafanana. Nianze kupima nini?

Anza na milimita. Jina la kampuni litakuja baadaye.

Lenzi za kusahihisha zilizo nyingi, ziwe za darubini ya lenzi au za Newton (darubini ya vioo), zinataka sensa ya kamera ikae milimita 55 nyuma yake. Humo ndani ya 55 lazima viingie vyote: kamera, gurudumu la filta, OAG na pete za kuunganishia. Kamera nyingi za kupozwa za kisasa zina milimita 17.5 kutoka uso wake hadi kwenye sensa. Gurudumu la filta ni kama 20. Zimebaki 17.5. OAG ya 17.5 inaingia barabara bila hata pete moja, ya 16.5 inakuachia milimita moja ya kujaza kwa pete nyembamba. Ya 22 haiingii, hata kama imesifiwa vipi. Kumbuka pia kwamba kioo cha filta husukuma fokasi nyuma kwa takriban theluthi ya unene wake: filta ya milimita 3 inakutaka uongeze milimita 1.

Schmidt-Cassegrain zina nafasi ya kujinyoosha. Ridyusa (lenzi ya kufupisha fokasi) ya f/6.3 ya Celestron inataka 105, darubini yao ya EdgeHD ya inchi 8 inataka 133.35, na EdgeHD kubwa zaidi 146.05. Kwa hizi utahangaika kujaza nafasi.

Kisha kuna umbali ambao wengi huusahau. Kutoka kwenye prizimu hadi sensa ya kamera kuu, na kutoka kwenye prizimu hadi sensa ya kamera ya kuongoza, lazima pawe sawa. Kama nyuma ya OAG una gurudumu na kamera, sensa kuu iko kama milimita 45 kutoka kwenye prizimu, na kamera ya kuongoza nayo lazima iweze kukaa hapo. Ikiwa shingo ya OAG ni ndefu kuliko hiyo, hutapata fokasi ya kuongoza maisha. Chora mchoro kwenye karatasi, andika kila namba, ndipo utoe pesa. Huku hakuna duka la kukimbilia ukigundua umepungukiwa na pete ya kubadilisha nyuzi za M48 kwenda M42.

Prizimu iwe na ukubwa gani?

Hapa ndipo watu wa darubini za kasi wanapoumizwa, na hesabu yake ni ndogo. Mwanga kutoka kwenye darubini unakuja umekusanyika kama koni inayoishia kwenye sensa. Upana wa koni ya nyota moja mahali popote ni umbali wa kufika kwenye fokasi ukigawanywa kwa namba ya f (urefu wa fokasi wa darubini ukigawanywa kwa kipenyo chake).

Chukua prizimu iliyo milimita 60 kabla ya fokasi. Kwa f/10, koni ina upana wa milimita 6, kwa hiyo prizimu ya milimita 8 inaimeza yote. Kwa f/5 koni ni milimita 12, na prizimu ileile inakata sehemu kubwa ya mwanga. Kwa Newton ya f/4 koni ni milimita 15: zaidi ya nusu ya nyota yako inamwagika pembeni. Ndiyo maana jamaa mmoja mwenye C8 (Schmidt-Cassegrain ya Celestron, f/10) atakuambia prizimu ya 8 inatosha kabisa, na mwingine mwenye Newton ataapa kwamba OAG ni upuuzi. Wote wanasema kweli ya darubini zao. Kwa f/6 kwenda chini, tafuta prizimu ya milimita 12 au zaidi.

Ukubwa wa prizimu uendane pia na sensa ya kuongoza. Sensa pana nyuma ya prizimu ndogo itaona duara la mwanga katikati na giza pembeni. Umelipia pikseli zisizoona kitu.

Kamera ya kuongoza?

Nyeusi na nyeupe, bila mjadala. Ya rangi ina vichujio juu ya kila pikseli, na nyota za OAG tayari ni hafifu.

Kuhusu ukubwa: kwa darubini ya milimita 2,000, sensa ndogo ya aina ya IMX290, yenye upana wa kama milimita 5.6, inaona kipande cha anga kisichofika dakika 10 za tao. Mwezi mpevu una dakika 30. Katika kipande hicho unaweza kukosa nyota kabisa. IMX174 ina upana wa milimita 11.3, inaona eneo kubwa zaidi ya mara nne, na pikseli zake za mikroni 5.86 zinafaa kwa lenzi ndefu. Ni ghali. Katikati kuna kamera kama ASI220MM Mini, ya pikseli za mikroni 4, ambayo kwa mfuko wa kawaida naiona ndiyo chaguo la busara.

Kipimo cha pikseli unakipata kwa 206 mara mikroni za pikseli, gawanya kwa milimita za fokasi. Pikseli ya 2.9 kwenye milimita 2,032 inatoa sekunde 0.29 za tao, ndogo mno kwa anga lolote la huku. Unganisha pikseli mbili kwa mbili, utapata 0.59 na nyota itang'aa zaidi.

OAG ikae mbele ya filta au nyuma?

Mbele, upande wa darubini. Ukiiweka nyuma ya filta ya hidrojeni, inayozuia karibu mwanga wote wa nyota, utakuwa unatafuta nyota gizani.

Nimeifunga, lakini PHD2 inaonyesha weusi mtupu. Nifanye nini?

Mara nyingi nyota zipo, ila ziko nje ya fokasi kiasi kwamba zimetawanyika na kupotea. Usipoteze usiku kwa hilo. Fanya kazi hii mchana. Elekeza darubini kwenye mnara wa simu ulio mbali, kilomita mbili tatu au zaidi. Weka kamera kuu kwenye fokasi kwanza. Kisha sogeza darubini kidogo kidogo mpaka mnara uonekane kwenye kamera ya kuongoza, uivute au kuisukuma kamera hiyo ndani ya shingo yake hadi vyuma vya mnara vikatike vizuri, ukaze skrubu. Kamera kuu usiiguse tena.

Mtu atauliza: mnara uko karibu kuliko nyota, si fokasi itabadilika? Itabadilika, lakini kwa kamera zote mbili sawasawa, kwa kuwa zinatumia darubini moja. Usiku ukirekebisha fokasi ya kamera kuu kwenye nyota, ya kuongoza inafuata yenyewe, pengine ikihitaji robo zungusho tu. Shingo yenye fokasa ya kuzungusha inarahisisha sana hatua hii. Kama tofauti ya bei unaimudu, ichukue hiyo.

Kuna majira ambayo nyota za kuongozea ni chache?

Ndiyo, na kalenda yetu ina upendeleo wake. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, katikati ya Njia Nyeupe inapita juu yetu usiku, na kila unapoelekeza prizimu kuna nyota za kumwaga. Galaksi za Mashuke (Virgo), zilizo mahali pakavu kwa nyota, zinakuwa juu Machi na Aprili, wakati mvua inakuzuia hata hivyo. Shida halisi inakuja mwishoni mwa Septemba na Oktoba, anga likiwa bado wazi: galaksi ya NGC 253 inapanda vizuri, lakini iko karibu na ncha ya kusini ya galaksi yetu ambako nyota ni za kuhesabu. Hapo ongeza muda wa kamera ya kuongoza hadi sekunde 4 au 5, au legeza mkusanyiko wote wa OAG na kamera uuzungushe mpaka nyota iingie. Programu za kupangia picha zinaweza kukuchorea mapema kisanduku cha prizimu kitaangukia wapi.

Tabora kuna nyongeza: moshi wa moto wa misitu ya miombo. Kuanzia Julai mashamba na mbuga vinachomwa, na usiku usio na wingu unaweza kuwa na pazia la kijivu linalokula nyota zote za chini ya digrii 40. Eta Carinae haipiti digrii 35 kwetu, Wingu Kubwa la Magellan 25. Vipige mapema, moshi haujawa mzito.

Niko ufukweni Kigoma. Taa za wavuvi wa dagaa zinaharibu?

Wavuvi wa dagaa wanataka giza kama sisi. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika, mwezi ukifa wanaingia ziwani na mitumbwi inatandaza mstari wa taa magharibi yote. Kwa hiyo usiku wako bora ndio usiku wao wa kazi, na hakuna wa kumlalamikia. OAG yenyewe haidhuriki, prizimu iko ndani. Ila ukitumia upande wa ziwa kupanga maunti, chagua nyota iliyo juu ya mwanga huo. Umande ni tatizo kubwa zaidi pale ufukweni, na hapa OAG inakupa nafuu ndogo: hakuna lenzi ya pili ya kupasha moto, na betri inadumu zaidi.

Nina maunti ya harmonic, isiyo na uzito wa kusawazisha. OAG inaenda nayo?

Inaenda kwa shida kidogo. Maunti hizo ni nyepesi, zinapanda basi bila kelele, na zilizo nyingi hazijali latitudo. Lakini kosa la gia zao ni kubwa na linabadilika haraka, hivyo zinataka masahihisho kila nusu sekunde au sekunde moja. OAG kwa muda mfupi hivyo inahitaji nyota angavu au prizimu na sensa kubwa. Kama utachukua maunti ya namna hiyo kwa darubini ndefu, usibane pesa kwenye kamera ya kuongoza.

Natumia kamera ya DSLR. Inawezekana?

Canon ya DSLR ina milimita 44 kutoka mdomoni hadi kwenye sensa. Pete yake ya kuunganishia inakamilisha 55. OAG itakaa wapi? Zipo nyembamba za kama milimita 9 au 10 zinazochukua nafasi ya pete hiyo, lakini ni kazi ya kubana. Kamera zisizo na kioo cha ndani zina milimita 16 hadi 20, kwa hiyo nafasi ipo tele.

Na Seestar S50, ile darubini ndogo iliyokuja na kila kitu ndani yake?

Hapana. Ina fokasi ya milimita 250 na kamera yake imo ndani. Furahia ilivyo.

Nyota kwenye PHD2 zina mikia kama viluwiluwi. Nimeuziwa OAG mbovu?

Hujauziwa ubovu. Prizimu inatazama ukingo wa anga la darubini, ambako lenzi nyingi hazinyooshi nyota vizuri. PHD2 inatafuta kitovu cha mwanga, na kiluwiluwi kina kitovu kama duara lilivyo nacho. Washa uongozaji wa nyota nyingi kwa pamoja. Ilimradi umbo halibadiliki, picha kuu haitaathirika.

Kuna kivuli upande mmoja wa picha zangu.

Prizimu imeingia mno. Iweke upande wa ubavu mrefu wa sensa, siyo ule mfupi. Kwa sensa ya APS-C ubavu mrefu uko kama milimita 8 kutoka katikati, ule mfupi karibu 12, kwa hiyo upande wa kwanza unakuruhusu kuisogeza prizimu ndani bila kuziba. Lakini koni ya mwanga nayo inahesabika: kwa f/5, prizimu ikiwa milimita 50 mbele ya sensa, ongeza 5 juu ya ile 8, ukingo wake wa ndani usikaribie katikati zaidi ya milimita 13. Piga picha ya mwanga sawa ukitazamisha bomba lililofunikwa kitambaa cheupe kwenye anga la jioni, ongeza tofauti ya weusi na weupe, uone. Rudisha prizimu milimita moja moja mpaka kivuli kiishe.

Nikizungusha kamera na OAG pamoja, lazima nifundishe PHD2 upya?

Lazima. Fanya hivyo ukielekea karibu na ikweta ya anga, juu kabisa kwetu, na upige upya picha za mwanga sawa kabla ya kuanza kazi, kwa sababu vumbi na kivuli vimehamia mahali pengine.